Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni: tupeni barabara tucheze pamoja

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni, kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti zote 47, na kwa Makamishna wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, naomba Kenya iwe na gwaride la utamaduni la kila mwaka, lipite barabarani badala ya uwanjani, na vikundi vyake viwe na watu wa jamii mbalimbali tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Mimi ni mwalimu wa ngoma. Nimefundisha shuleni na katika vikundi vya vijana, Pwani na bara, na ombi hili limekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu. Neno zito zaidi katika ombi lenyewe ni hilo la mazoezi, na nitalirudia mpaka mnielewe.

Tulikotoka mnakujua. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu kutoka makwao. Tume ya Uwiano yenyewe ilizaliwa na sheria ya 2008 kwa sababu ya majeraha hayo. Miaka miwili baadaye tukapata Katiba ambayo kifungu chake cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Tarehe 10 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Moi, ikaja kuitwa Siku ya Utamaduni, nasi wa ngoma tukadhani hatimaye tumepata mlango. Mwaka 2024 sheria ikaigeuza siku hiyohiyo kuwa Siku ya Mazingira. Miche tutaipanda, maana nchi inaihitaji. Ila utamaduni umebaki bila siku yake kwenye kalenda, na sijamsikia kiongozi akieleza ni nini kitakachoziba pengo hilo.

Mtaniambia ngoma zipo kila sikukuu ya kitaifa. Ni kweli, na hapo ndipo ninapotaka tutazame kwa makini. Kila jamii huja na basi lake. Wachezaji huamka usiku, huvaa njuga na manyoya kabla jua halijachomoza, kisha hukaa kwenye nyasi saa nyingi wakisubiri zamu. Zamu ikifika wanapewa dakika chache mbele ya jukwaa la wakubwa. Wakimaliza, wanaondoka wanaingia wengine, na baada ya hapo hotuba zinaanza. Jioni kila basi linarudi lilikotoka. Mpiga ngoma wa Kijaluo na mpiga ngoma wa Kikamba wameketi mita 20 kutoka kwa mwenzake mchana kutwa, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono wala kuuliza ngozi ile imewambwa vipi. Tumeonyeshana makabila yetu, basi. Tena tumeonyeshana kwa kupanga foleni, jamii moja baada ya nyingine, na hivyo ndivyo wanasiasa wanavyotuhesabu wakati wa kura.

Sasa niwapeleke kwenye chumba cha mazoezi. Niliwahi kuwa na kundi la vijana wa Pwani na wa Magharibi waliotakiwa kucheza ngoma mbili: isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambao ni Waluhya wa Kakamega, na ngoma moja ya Wamijikenda wa Pwani, ambao Wagiriama ni miongoni mwao. Isukuti ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina kauli yake. Mpigaji mmoja akipotea, wote watatu wanapotea. Mabega ndiyo yanayosema zaidi. Kijana wa Kigiriama aliyezoea kucheza kwa nyonga alihangaika na mabega wiki nzima, mpaka mwenzake wa Kakamega akasimama nyuma yake, akamwekea viganja mabegani na kumtikisa kwa mdundo hadi mwili ukashika. Upande wa pili, msichana wa Kiluhya alikuwa anapigana na hando. Mnalijua vazi hilo: kitambaa kirefu kinakunjwa mikunjo mingi, kinasongwa kiunoni mpaka kinafura, na kama hukulifunga sawasawa linakuteremka katikati ya ngoma mbele za watu. Wenzake wa Kilifi walilifungua na kulifunga upya mara kadhaa, wakimfokea na kucheka naye, hadi siku moja akalifunga peke yake na likaitika. Mama yake alipopiga simu kumwuliza anacheza ngoma ya nani, alijibu, "Yetu."

Waliteta pia, na wala sikuona vibaya. Walibishania ni ngoma gani itangulie, nani aongoze wimbo, kwa nini maneno ya Kigiriama yafupishwe na ya Kiluhya yaachwe marefu. Nikawaacha wajadiliane hadi wapatane wenyewe, kwa sababu ngoma ilikuwa lazima ichezwe na siku ilikuwa inakaribia. Watu wenye kazi moja na tarehe moja hujifunza kusikilizana haraka kuliko walioitwa ukumbini kuhubiriwa amani.

Taifa letu linalijua jambo hili, ingawa halijalifikisha mitaani. Wachezaji wa Bomas of Kenya, taasisi iliyoasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanatoka jamii tofauti na kila mmoja anacheza ngoma za jamii nyingi. Kwenye tamasha za muziki za shule, watoto huimba kwa lugha ambazo nyumbani kwao hazisemwi, na huziimba vizuri kiasi kwamba wenye lugha husimama kushangilia. Lakini Bomas ni ukumbi wenye kiingilio, na tamasha za shule huisha mtoto anapomaliza masomo. Mtu mzima wa Eldoret au Likoni, mwenye umri wa miaka 40, mwenye kura na mwenye hasira, hana pa kwenda kujifunza ngoma ya jirani yake.

Kuna nchi zilizojaribu. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Singapore, kwa sababu ilianzia pabaya. Tarehe 21 Julai 1964, msafara wa Maulidi ulikuwa ukipita mjini humo, zikazuka ghasia kati ya Wamalei na Wachina. Watu 23 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Msafara barabarani ndio uliokuwa chanzo cha msiba, na serikali yoyote ingeweza kutumia sababu hiyo kuwafungia watu majumbani milele. Mwaka 1972, nchi ikiwa imeshapata uhuru wake, serikali ilipiga marufuku fataki baada ya watu kupoteza maisha. Marufuku hiyo iliwauma Wachina, kwa sababu mwaka mpya wao bila fataki ulikuwa kama umenyamazishwa. Waziri Mkuu Lee Kuan Yew akapendekeza pafanyike gwaride badala yake, na Februari 1973 watu wakatoka Jalan Besar hadi Outram Park wakicheza simba na dragoni na kuinua bendera kubwa za milingoti ya mianzi. Wakaliita Chingay.

Lingeweza kubaki la Wachina peke yao, na lingekuwa zuri vilevile. Lakini kabla ya muongo ule kwisha Wamalei na Wahindi walikuwa ndani, na ngoma zao, mavazi yao na magari yao yaliyopambwa. Mwaka 1985 likahamia Orchard Road, barabara ya maduka makubwa, ambako mtu aliyetoka kununua viatu hujikuta katikati ya sherehe ya jirani. Baadaye wakaja wachezaji wa nchi nyingine. Kila hatua ilibadilisha sura ya gwaride, na katika mabadiliko hayo ndiyo lilipopata nguvu. Wanaoliendesha ni shirika la umma, People's Association, lililoanzishwa 1960 na lenye vituo mitaani kote. Kwa hiyo mazoezi hufanyika karibu na nyumba za watu, jioni baada ya kazi, na watu wa kujitolea. Mnaona ninakoelekea: shirika linalosimamia siku ya gwaride ndilo hilohilo linalosimamia miezi ya mazoezi.

Niwe mkweli kuhusu jambo moja wanalolifanya ambalo sisi tusiliige. Kuanzia 2010 gwaride lao kuu limekuwa likifanyika mbele ya jengo la mashindano ya magari, lenye majukwaa ya viti na tiketi. Taa na mapambo yanang'aa sana. Lakini barabara ikishageuzwa jukwaa, yule aliyetoka kununua viatu hayumo tena, na mimi namhitaji huyo kuliko mwenye tiketi.

Wa London nao walipitia njia ngumu zaidi. Mwaka 1958, katika mtaa wa Notting Hill, vijana wa Kizungu waliwashambulia watu waliotoka Karibi kwa siku kadhaa. Januari 1959 Claudia Jones, mwanahabari mzaliwa wa Trinidad, akaandaa kanivali ndani ya ukumbi ili watu wake wapate pa kupumua. Mwaka 1966 Rhaune Laslett akaanzisha sherehe ya mtaani iliyowahusisha watoto na majirani wa asili mbalimbali; mwanamuziki Russell Henderson na wenzake wakabeba ngoma zao za chuma wakaanza kutembea, na watu wakawafuata. Kanivali yenyewe haikupangwa zaidi ya hapo. Mwaka 1976 palitokea mapigano makali kati ya polisi na vijana, na polisi zaidi ya 100 wakaishia hospitali. Wengi walidai ifutwe. Haikufutwa, na leo zaidi ya watu milioni moja hujaa pale kila mwisho wa Agosti. Nawaambia haya kwa sababu najua mwaka wa kwanza au wa tatu kitu fulani kitaharibika kwetu pia, simu zitapigwa, na mtu ofisini atasema, "Tulijua." Siku hiyo naomba mkumbuke kwamba London hawakuifuta.

Wala tusidhani tunaazima kitu cha wageni. Pwani yetu ilikuwa na magwaride ya beni tangu miaka ya 1890. Vijana walivaa sare, wakapiga tarumbeta na ngoma, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakaandamana mjini wakishindana kwa umaridadi. Beni ikaenea Tanganyika, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba hadi Nyasaland, Malawi ya leo. Ndani ya vyama vya Arinoti na Marini walikutana watu wa makabila tofauti waliokuwa wamefika mjini kutafuta kazi, wakiunganishwa na Kiswahili na mdundo. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vilivyowaweka pamoja waungwana na waliotokana na vizazi vya watumwa, katika enzi ambayo maisha ya kila siku yaliwatenga. Bara nako, mwomboko wa Wakikuyu ulizaliwa kwa kuchanganya kodiani ya Wazungu na mdundo wa nyumbani, na leo wazee wanaucheza kama urithi wa mababu. Ngoma zetu zimekuwa zikichanganyika muda wote huu. Ni mipango yetu ya serikali inayozitenganisha kwa mabasi.

Halafu kuna Wamakonde. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuomba kitambulisho, baada ya vizazi vya kuzaliwa na kuzikwa hapa bila uraia. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43, na Julai ya mwaka huohuo wa 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatambuliwa kuwa la 44. Washona wakapata uraia 2021, Wapemba wakatambuliwa 2023. Hawa wote ni Wakenya kwa karatasi. Je, ni Wakenya wangapi wa Nyeri au Kisii waliowahi kuiona midimu, ngoma ya vinyago ya Kimakonde, ikichezwa kwa macho yao wenyewe? Hao waliotembea barabarani kuomba kuwa wenzetu wanastahili kutembea tena, safari hii wakiwa wamezungukwa na wenzao wanaowapigia ngoma.

Sasa mambo ninayoomba mfanye.

Kwanza kabisa ni fedha za mazoezi, na zitoke mapema. Tumezoea bajeti ya utamaduni inayomalizikia kwenye mahema, vipaza sauti na fulana za siku moja. Pelekeni sehemu kubwa zaidi kwenye kumbi za wadi, miezi 6 kabla ya siku yenyewe: nauli ya wachezaji, chakula cha jioni, vitambaa, ngozi za ngoma, na posho ya mzee anayekuja kufundisha. Mzee huyo alipwe kama mtaalamu. Mara ngapi tumewaita watu wa miaka 70 kuja kufundisha kitu ambacho hakuna chuo kinachokifundisha, tukawarudisha na soda na asante? Wachezaji nao walipwe kwa siku ya gwaride, na majina ya vikundi vyao yatangazwe. Usiku mmoja wa mahema ungetosha kuendesha kundi moja kwa msimu mzima.

Sharti la pili liwe la mchanganyiko, na liandikwe. Kundi linaloomba fedha za umma kwa ajili ya gwaride liwe na watu wa angalau jamii 3, na liingie na ngoma moja ambayo si ya wengi wao. Najua kuna wazee watakaosema ngoma yao itachafuliwa. Wana haki ya kuhofu, na kuna ngoma za jando, za mazishi na za kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambazo hazipaswi kutolewa nje hata kidogo. Waachiwe wenyewe waseme zipi zinatoka na zipi zinabaki. Zinazotoka, zitoke na mwenyewe akiwa mwalimu. Kwa njia hiyo jamii haiporwi kitu, inaheshimiwa kama inayotoa.

Magavana, hili ni lenu. Sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, inataka mwandalizi atoe notisi kwa polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Imetungwa kwa ajili ya mikutano na maandamano, na kikundi kidogo cha ngoma hakiwezi kuishi kwa ratiba hiyo: huwezi kushona mavazi ya watu 60 kwa nusu mwaka bila kujua kama barabara utaipata. Kaunti na Huduma ya Polisi zikae pamoja, zitenge barabara na tarehe, zizitangaze mwaka mzima kabla, ili kikundi kisilazimike kubembeleza kituo cha polisi. Mombasa ilikuwa na kanivali yake ya Novemba, magari yaliyopambwa yakipita Moi Avenue, lakini imekuwa ikija na kupotea. Sababu moja ninayoiona ni kwamba ilihesabiwa zaidi kama kivutio cha utalii. Watalii wakipungua, nayo inapungua. Gwaride la wenyeji halina msimu wa wageni.

Barabara yenyewe ichaguliwe kwa akili. Isiwe tu ile ya katikati ya jiji mbele ya majengo ya serikali. Nakuru, kwa mfano, mnajua ni mitaa ipi iliyowahi kuogopana. Gwaride lipite huko, likivuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, mchana, watoto wakiwa mbele. Mzee anayetumia kiti cha magurudumu apate mahali pa kukaa kivulini, na katika kila kundi pawe na nafasi ya mchezaji asiyeona au asiyesikia, ambaye mdundo anaupata kwa miguu na kifua. Nimewafundisha. Wanaweza.

Nalo jukwaa la wakubwa lisiwepo. Hili naliomba kwa unyenyekevu lakini sitalirembesha. Palipo na jukwaa, gwaride hugeuka kuwa salamu kwa aliyeketi, ngoma hutazama upande mmoja tu, na wananchi wa upande wa pili huona migongo. Picha za wanasiasa zisibebwe, rangi za vyama zisivaliwe, hotuba zisiwepo. Waziri akipenda kuja, aje na viatu vya kutembea, ajiunge na kundi alilofanya nalo mazoezi walau jioni chache. Hiyo itakuwa heshima kubwa kwake na kwao. Gwaride lifanyike kila mwaka, na mwaka wa uchaguzi lisiahirishwe, maana mwaka huo ndio hasa tunaolihitaji: watu waliokutana mazoezini tangu Februari watakuwa na namba za simu za wenzao Agosti ya kura ikifika, uvumi ukianza kuzunguka.

Anzeni kidogo. Chagueni kaunti 3 au 4 zilizo tayari, zenye watu wa kutoka kila upande: Mombasa, Nakuru, Nairobi, Uasin Gishu. Acheni kila mji uwe na mtindo wake. Mombasa itakuja na tarumbeta za beni, Nakuru itabuni kitu ambacho bado hakina jina. Msiwaletee mwongozo wa kurasa 100 kutoka Nairobi. Baada ya mwaka wa kwanza, Tume iwaulize washiriki mambo ya kawaida kabisa: umejifunza ngoma ya nani, umekula nyumbani kwa nani, umemwita nani alipofiwa au alipooa. Majibu hayo yachapishwe kwa Kiswahili, pamoja na malalamiko yote, na mwaka wa pili upangwe kutokana nayo.

Walimu wa ngoma tupo katika kila kaunti, na wengi wetu tuko tayari kuanza bila kusubiri mavazi mapya. Tunachohitaji kutoka kwenu kabla ya bajeti ijayo kusomwa ni vitu vitatu kwa maandishi: tarehe, barabara, na fungu la fedha lililoandikwa wazi kuwa ni la mazoezi.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu wa ngoma
Kenya